Kima ya Nyumba ya Pili

Mimi kima iliyosagwa tayari siinunui. Nikiingia buchani nikaliona lile rundo jekundu limelala kwenye trei, nageuka. Nyama ikishasagwa imepoteza uso wake. Paja unalijua ni paja, mbavu unaziona ni mbavu, lakini kima ni nini? Inaweza kuwa ng'ombe. Inaweza kuwa mishipa na mapafu ya juzi. Ule mwaka uvumi wa nyama ya punda ulipozagaa Eastlands nzima, watu walikuwa wanakula kima huku wakitazamana. Hata ile ya supamaketi kule Buruburu, iliyofungwa kwa nailoni ikabandikwa karatasi, siiamini. Nyama gani inakaa nyekundu hivyo kutwa nzima? Watoto wangu hunicheka, wananiita polisi wa nyama. Wacha wanicheke. Mimi ndiye ninayepika, na wao hawajawahi kuumwa tumbo kwa chakula changu.

Kwangu kima inasagwa nyumbani. Nanunua mnofu wenye mafuta kidogo, ukatwe mbele ya macho yangu, nauleta, nauosha, nausaga mwenyewe. Mashine ni ya mama. Ni ile ya mkono, ya chuma: unaibana kwenye ukingo wa meza, unatia nyama juu, unazungusha mkono, na nyama inatokea mbele kwenye matundu. Ni nzito, na ina umri kunishinda. Nimekua nikiisikia ikikoroma katika nyumba hii hii ya Kaloleni, ambayo marehemu baba aliipata alipokuwa mfanyakazi wa kaunsili. Siku hizi naishi humo na mama na watoto wangu, kwa sababu mume wangu ni dereva wa lori na barabara inamwona kuliko ninavyomwona mimi.

Mama hana jino hata moja. Alitengenezewa ya bandia, akayavaa siku ya kwanza akayavua, akasema hawezi kutafuna kwa kitu ambacho hakikuota mdomoni mwake. Basi kima ndiyo nyama yake. Kipande hakiwezi, hata ukichemshe kutwa. Na mimi kima inanifaa kwa sababu nyingine. Pika nusu kilo ya vipande uone vita: huyu kapata viwili, yule kapata mfupa, mwingine kanuna. Nusu kilo ya kima haina vita. Unaikausha kwanza kwenye sufuria bila mafuta mpaka maji yake yaishe na ianze kulia chini, ndipo unatia kitunguu, saumu, nyanya, na dania mwishoni. Leo unaiongeza viazi na minji, kesho unaichanganya na kabichi, keshokutwa unaificha ndani ya ndengu, nusu kwa nusu, na ugali unakwisha kabla ya mchuzi. Ikibaki, unaifungia sambusa. Nyumba nzima inakula na hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Jirani wa nyumba ya pili alihamia kutoka Makongeni, yeye na mumewe na watoto wao. Ni watu wa magharibi ya nchi, Wakristo, watu wa kanisa hasa. Jumapili utawaona wanatoka wamenyooka, hata viatu vya mdogo vinang'aa. Mumewe alikuwa kiwandani, huko Industrial Area. Siku waliyohamia niliwapelekea chapati. Sahani ikarudi na njugu za kukaanga. Nikasema, haya, huyu kalelewa. Maana kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiirudisha tupu, bora ungeivunja.

Walipokaa kidogo, akaisikia mashine ikikoroma, akaja mlangoni.

"Dada, nisaidie na hiyo mashine yako. Jumamosi huwa nawapikia watoto nyama."

Nilisita. Nikamwambia huku nacheka, ili maneno yasiwe na ncha, "Lakini wajua sisi hapa tunakula nini na hatuli nini."

Naye akacheka. "Najua, dada. Usijali."

Nikampa. Toka siku hiyo ikawa kila Jumamosi. Mimi nasaga yangu asubuhi, yeye anakuja kuichukua mchana, na alasiri inarudi. Na shaka nayo ikaanza kuja kila Jumamosi.

Kwanza mlango. Kaloleni milango haifungwi mchana. Ukiona mlango umefungwa, basi mtu anaoga au anagombana na mumewe. Mlango wa yule mama ulikuwa wazi Jumatatu, wazi Jumanne, wazi hata siku anaposugua nyumba. Lakini akishika mashine yangu tu, kwaa, komeo! Ndani unasikia kru, kru, kru. Nikajiuliza, nyama ya ng'ombe inafichwa nini?

Halafu usafi. Mashine ilikuwa inarudi inametameta, inanukia ndimu na sabuni. Mimi mwenyewe mwenye mashine siisafishi hivyo. Nikasema moyoni, mtu hasugui chuma kiasi hiki ila kuna harufu anaifukuza.

Kisha sahani. Nimempelekea mahamri, nimempelekea bajia, nimempelekea kaimati za Idi. Sahani zinarudi na njugu, mara sukuma wiki, mara ndizi mbivu. Lakini ile kima anayoisaga kwa mashine yangu kila Jumamosi ya Mungu? Hata kijiko. Hata ya kuonja. Kwa nini mtu akuletee kila kitu isipokuwa kile alichokisaga kwa mashine yako? Jibu nililipata mwenyewe: hatuletei kwa sababu anajua hatuwezi kuila. Na hapo bado nilimpa heshima yake, nikasema angalau ana adabu, hajatulisha.

Nikaenda buchani. Kijana anayekata nyama pale ananijua vizuri, na hunitania kila siku.

"Niaje, mathe? Ya leo ni fiti. Kuja uikague vile unapenda."

Nikaikagua. Kisha nikauliza kama mtu asiye na haja, "Yule jirani yangu, wa nyumba ya pili, huwa unampimia mnofu wa wapi?"

Akasimamisha kisu. "Yule mathe alitoka Makongeni? Huyo hajawai nunua hapa. Ata mfupa ya supu."

"Labda ananunua kwingine."

"Labda. Ng'ambo ya Jogoo Road kuna wale wa nguruwe, bei yao ni poa."

Akaendelea kukata. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaongea tu kama watu wa bucha wanavyoongea. Lakini mimi nilitoka pale nikijiambia, lisemwalo lipo.

Jumamosi iliyofuata mashine iliporudi niliifungua yote mezani. Nikatoa kisu chake, nikatoa ule mhimili wa ndani unaosukuma nyama, nikaukagua mfereji wake wote kwa ncha ya pini. Nyuma kabisa palikuwa na kitu kimeng'ang'ania. Nikakivuta. Kingozi. Chembamba, laini, cha rangi ya waridi. Astaghfirullah! Ng'ombe ana ngozi ya waridi wapi?

Mtu mwenye busara angenyamaza hapo kwanza. Mimi mdomo wangu hauna komeo. Mama alikuwa kitako kwenye kiti chake, anakula kima na viazi vya kuponda, nami nikamwendea na kile kingozi juu ya kidole.

"Mama, huyu jirani yetu nadhani anasaga nguruwe."

Mama akakiweka kijiko chini. Hakukitupa, wala hakupiga kelele. "Una hakika?"

"Hakika sina. Nina shaka."

"Basi shaka yako imeshanitia kinyaa. Sitatia kinywani kitu kilichopita kwenye mashine hiyo mpaka nijue."

Nikamwambia tuioshe. Dini imetufundisha: kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Nikaibeba kwenye karai nielekee mfereji wa nje. Mama akaninyooshea mkongojo wake mlangoni.

"Unaenda kuosha mashine ya nyama kwa udongo, pale mferejini, mbele ya wanawake wote wa safu hii? Wao hawajui maana yake? Utakuwa umemtangaza kabla hujamuuliza."

"Basi nitaiosha humu ndani."

"Ndani au nje, ukiiosha hivyo umeshamhukumu. Muulize kwanza. Akisema ndiyo, tutaosha, yatakwisha. Kula anachokula si kosa lake. Akisema siyo, tutakula. Lakini muulize."

Muulize! Mama anasema kana kwamba ni kuuliza saa. Mtu anaulizwaje jambo hilo? Ukimuuliza na likawa kweli, umemwaibisha. Ukimuuliza na lisiwe kweli, umemtukana kwa kumwita mwongo nyumbani kwake, na tusi la namna hiyo halitoki kwa samahani. Nilikwenda lakini. Nikafika mlangoni pake, nikapiga hodi, akatoka na mikono ya unga akitabasamu.

"Karibu, dada."

Nikaomba chumvi. Nyumbani nina chumvi ya kukaushia ng'ombe mzima, na mimi nimesimama pale naomba chumvi. Akanipa, nikarudi. Mara ya pili nikaomba kiberiti. Mama akaniona nikiingia nacho, akatikisa kichwa, akageukia ukuta.

Mama hakuwa anatania. Nilidhani angekataa kima peke yake, kumbe kinyaa kilisambaa. Sufuria zote zilikuwa zimepikiwa kima, kwa hiyo sufuria zote akazikataa. Mwiko akaukataa. Akawa anataka chai ya birika na mkate tu, wiki baada ya wiki. Nikanunua sufuria mpya nikampikia ndengu, akaonja, akasema anasikia harufu. Nikakatakata nyama kwa kisu hadi mkono ukaota lengelenge, nikampikia humo humo kwenye sufuria mpya. Ilimkwama kooni, akakohoa mpaka machozi, nikawa nampiga mgongoni na mimi mwenyewe nalia kwa woga. Na mama ana presha. Vidonge vyake vinataka tumbo lenye chakula. Asubuhi moja alisimama aende msalani, akashika ukuta, akabaki ameushika, ananiambia nyumba inazunguka. Mikono yake ilikuwa imekonda hata bangili inashuka hadi kwenye kiwiko akiinua kikombe. Niliogopa. Nasema wazi niliogopa kwamba mama atakufa njaa katika nyumba inayopikwa kila siku, na sitakuwa na la kumwambia Mungu isipokuwa kwamba niliona haya kumuuliza jirani swali moja.

Basi nikapanga hila. Ile mashine mbele ina pete kubwa ya chuma inayoshika kisahani cha matundu. Bila pete hiyo nyama haitoki, inamwagika tu. Jumamosi jirani alipokuja, nikampa mashine, pete nikaibakiza kwenye mfuko wa dera. Nikahesabu kwamba akishafunga mlango na kuanza kazi, atakwama, na mimi nitatokea na pete yangu, "Pole dada, nilisahau," nione kwa macho yangu kilicho mezani. Hapo hakuna kuuliza. Nitaona tu.

Nikamsikia akifunga mlango. Nikamwacha kidogo. Kisha nikatoka, nanyata kama mwizi. Watoto wake walikuwa uwanjani wanacheza na wangu. Komeo lake lilikuwa limelegea, sijui alisahau, sijui alikuwa anajitayarisha kuja kwangu. Hodi yangu na mguu wangu viliingia pamoja.

Mashine ilikuwa imebanwa ukingoni mwa meza. Kando yake palikuwa na sufuria. Nikachungulia ndani, adabu nimeiacha nje. Maharagwe. Maharagwe ya rangi, yamechemshwa mpaka yakapasuka, na maganda yake ya waridi yamejikunja juu. Pembeni mkate mkavu umelowekwa, vitunguu vimekatwa, na mkebe wa nyanya. Nikatazama juu ya kabati, nikatazama chini ya meza.

"Nyama iko wapi?" nikauliza. Ndilo swali lililonitoka.

Alinitazama. Kisha akanipita, akaenda kuufunga mlango nyuma yangu, akaegemea hapo.

"Hakuna," akasema. "Haijakuwapo tangu mwaka jana."

Akaniambia. Kiwanda kilipunguza watu, na mumewe alikuwa wa kwanza kwanza. Tangu hapo kila asubuhi anavaa ovaroli, anatoka na chakula chake kama kawaida, ili mtaa usijue na watoto wasijue, anakwenda kusimama kwenye malango ya viwanda vingine pamoja na vibarua. Siku nyingine anapata, siku nyingine anarudi na chakula chake hakijaliwa kwa sababu ya mawazo. Lakini Jumamosi katika nyumba yao ilikuwa siku ya nyama tangu watoto wazaliwe. Ndipo alipoisikia mashine yangu. Anasaga maharagwe na mkate, anayakaanga polepole bila haraka mpaka yakauke yawe punje punje za kahawia, anatia kitunguu kingi, nyanya ya mkebe, bizari na dania.

"Watoto wakiwa pale nje wanasikia mashine," akasema. "Wakisikia mashine wanajua ni nyama. Nani anasaga maharagwe kwa mashine ya nyama?"

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Kwanza nilipata nafuu, nafuu ya kutaka kukaa chini. Halafu hasira zikapanda, sijui zilitoka wapi.

"Maharagwe!" nikasema. "Wewe! Mama yangu hali, anashika kuta, kwa ajili ya maharagwe? Si ungesema?"

"Shosho hali? Kwa nini?"

Na hapo sikuwa na pa kutorokea. Nikamwambia. Nikamwambia mlango, na ndimu, na sahani, na kingozi cha waridi, na nilichokidhania. Nilisema lile neno lenyewe, nguruwe, ndani ya nyumba yake.

Aliokota ganda moja la haragwe lililoanguka mezani, akalirudisha kwenye sufuria.

"Siku ya kwanza ulinikumbusha, nikakuambia najua," akasema. "Nikakuambia usijali. Kumbe hukuniamini hata siku hiyo."

"Hukuwahi kuniletea hata kijiko," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshapungua.

"Nikuletee nini, dada? Nikuletee maharagwe nikuambie ni kima? Watoto wangu nawadanganya kwa sababu ni wangu. Wewe ningekudanganya kwa haki gani?"

Nikaiweka pete mezani. Nikamwambia samahani, akasema sawa, ile sawa ya mtu anayetaka uondoke. Nilipofika mlangoni akaniita. "Usimwambie mtu. Tafadhali. Hata mtu mmoja." Nikamwahidi. Nilikuwa nimeshamla nyama yake vya kutosha kwa kumdhania, sikuwa na uso wa kumkatalia.

Mama alikuwa ananingoja, amekaza shingo. "Haya?"

"Ni safi, mama. Mashine ni safi. Kula."

"Umemuuliza?"

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

Nikanyamaza. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza katika nyumba ile tangu nijifunze kusema, nikanyamaza. Mama akanitazama.

"Basi ni kweli," akasema. "Ni kweli, na unamfichia. Ungekuwa umeona ng'ombe ungesema ng'ombe."

"Mama, wallahi si nguruwe."

"Ni nini?"

Ningemwambia nini? Nikisema ng'ombe, ni uongo, na mama uongo wangu anausikia kabla haujatoka. Nikisema maharagwe, nimeuza siri ya mwenzangu kabla viatu vyangu havijapoa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nimekuwa mimi, bila kutaka. Nikampakulia kima niliyoipika asubuhi, nikaiweka mbele yake. Akaisukuma kwa nyuma ya mkono. Nikaenda jikoni nikajifunika uso na leso. Nilikuwa najua kila kitu sasa, na bado mama yangu hali.

Kabla ya magharibi hodi ikapigwa. Ilikuwa ni jirani, amevaa kitenge kisafi, na sahani mkononi imefunikwa kwa sahani nyingine. Watoto wake wote wako nyuma yake. Hakunitazama mimi. Alinipita akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mama, akapiga goti kidogo, akaiweka sahani mapajani mwake.

"Shosho, shikamoo. Nimesikia huli."

Mtoto wake mdogo, yule wa kike, akajipenyeza mbele, hakuweza kungoja. "Shosho, ni nyama yetu ya Jumamosi! Mama amekuwekea mingi!"

Mama akafunua. Mvuke ukapanda, harufu ya kitunguu na dania. Wallahi kwa macho ilikuwa kima, kavu, ya kahawia, imekaangwa ikatulia. Mama akaitazama. Akanitazama mimi. Akamtazama jirani, ambaye macho yake yalikuwa yameganda sakafuni na vidole vyake vimeshika pindo la kitenge. Nilijua sasa anajibu lile swali ambalo mimi nilikataa kujibu. Ameleta jibu lenyewe kwenye sahani, mbele ya watoto wake, na kama mama angelitamka kwa sauti, kazi yake ya mwaka mzima ingeanguka pale pale.

"Bismillahi," mama akasema, akachukua kijiko.

Mama yangu amepika maharagwe tangu akiwa msichana. Amepika ya arusi, ya matanga na ya shule ya madrasa. Huwezi kumpa haragwe ukambadilishia jina. Aliweka kinywani, akalivingirisha kwa ulimi na ufizi, polepole, akafumba macho.

Mama akameza. Akamtazama yule mdogo.

"Nyama hii," akasema, "imepikwa na mtu anayejua nyama."

Mtoto akamgeukia mama yake kwa furaha, "Umesikia?" Jirani akaitikia kwa kichwa. Mimi nikajifanya natafuta kitu kabatini maana machozi yangu yalikuwa hayana subira. Mama akala. Akala kijiko baada ya kijiko, bila kuharakisha, kama mtu aliyealikwa, mpaka akakwangua sahani. Kisha akasema alhamdulillahi, akaniita kwa sauti yake ya zamani, ile ya amri.

"Wewe, umesimama nini? Sahani ya watu inarudi tupu?"

Nikaiosha. Nikaijaza kima yangu ya asubuhi, ya viazi na minji, nikaongeza juu yake, nikaishindilia na mwiko, nikaongeza tena mpaka ile sahani ya kufunikia haikukaa sawa. Nilikuwa natoa hata ya watoto wangu, na sikujali. Jirani aliipokea kwa mikono miwili. Tulitazamana kwa mara ya kwanza tangu mchana. Sikuona kama amenisamehe. Niliona amechoka.

Walipokwenda nilingoja mama aseme kitu. Alikunywa maji, akameza vidonge vyake, akafuta mdomo.

"Jumamosi ijayo," akasema, "mpe mashine na pete yake. Nilikuona ukiitia mfukoni."

Ndilo pekee alilosema, na hadi leo maharagwe hayajatajwa kati yetu. Siku ile ile aliomba ile kima iliyobaki kwenye sufuria ya zamani, akala tena kidogo.

Kesho yake, Jumapili, yule mdogo alileta sahani. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Ndani ya sahani kulikuwa na njugu. Nikamshukuru, nikamwambia asalimie mama, lakini hakuondoka. Akasimama kizingitini, ananikazia macho, anaona haya kusema na anataka kusema.

"Mama amesema asante," akaanza. "Lakini ile nyama yenu, mlinunua wapi?"

"Kwa nini, mwanangu?"

Akaangalia nyuma kama kuna anayesikia, akashusha sauti. "Ilikuwa ngumu ngumu. Inaingia kwa meno. Na iko na harufu. Sisi tulionja tukaacha. Kaka yangu amesema mmedanganywa, hiyo si nyama."

Nilichuchumaa nikamfunga vizuri utepe wa gauni, ili nipate pa kuangalia. Kisha nikamwambia ni kweli, bucha yetu siku hizi haiaminiki, na nitamwomba mama yake anionyeshe wao wanakonunua.